Kununua Intafesi ya Kurekodia Gitaa Bila Kutoboa Mfuko

Tuanze na kile usichopaswa kununua. Madukani na kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni utakutana na kisanduku kiitwacho V8, chenye vitelezi, taa za rangirangi na vitufe vya kutoa makofi na vicheko. Mara nyingi huuzwa pamoja na maiki ya BM-800 na mkono wake wa kuishikilia, na bei yake inashawishi. Kisanduku hicho kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaozungumza na watazamaji wao moja kwa moja kupitia simu. Matundu yake ni ya plagi ndogo za milimita 3.5, na tundu lililokusudiwa gitaa halipo. Mtu akikilazimisha kwa adapta, gitaa litaingia, lakini litakuwa limefifia na lina uvumi nyuma yake, kisha ataanza kulaumu pikapu, waya na hata vidole vyake.

Unachohitaji ni intafesi ya sauti: kifaa kidogo kinachopokea jeki ya gitaa, kikaigeuza sauti kuwa tarakimu, kikaipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na kuirudisha masikioni mwako kupitia hedifoni. Zipo za bei ya chini zinazoifanya kazi hiyo vizuri sana. Taabu ni kwamba boksi la intafesi limeandikwa kwa herufi kubwa namba ambazo hazitakusaidia, na yale yanayomhusu mpiga gitaa yamewekwa kwenye kijitabu cha ndani ambacho hakuna anayekifungua. Hayo ndiyo tutakayoyafungua hapa.

Gitaa linaingia wapi

Jambo la kwanza kuliangalia ni tundu la gitaa lenyewe. Pikapu ya gitaa la umeme isiyotumia betri hutoa umeme mdogo mno. Ukiiunganisha na tundu lenye ukinzani mdogo, tundu hilo huunyonya umeme huo, na cha kwanza kupotea ni sauti za juu. Tundu la maiki huwa na ukinzani wa kiloomu chache tu. Tundu la laini, lile la kinanda au mikisa, huwa na kiloomu kumi na kitu hivi. Gitaa linataka tundu la takriban megaomu moja, yaani omu milioni moja.

Tofauti hiyo husikika kwa masikio ya kawaida kabisa. Chukua solo ya muziki wa dansi au sebene ya Kikongo: utamu wake uko katika ile ncha ya noti, pale pleki au ukucha unapouachia uzi. Lipitishe gitaa hilo kwenye tundu la laini na ncha ile inapotea, kama mwimbaji aliyefunikwa khanga mdomoni. Mpiga roki anayepiga kwa sauti ya kukwaruza anaweza kukaa siku nyingi bila kugundua. Sisi tunaopenda gitaa safi hatuna pa kujificha.

Kwa hiyo tafuta tundu lililoandikwa INST au Hi-Z, au lililochorwa kigitaa. Kwenye intafesi nyingi tundu ni moja, na pembeni yake kuna kitufe cha kulibadilisha kutoka laini kwenda gitaa. Usipokibonyeza, umenunua kifaa kizuri ukakitumia vibaya. Kama gitaa lako lina pikapu za betri, au unalipitisha kwanza kwenye pedali iliyowashwa, suala hili halina uzito mkubwa, lakini usilitegemee hilo wakati wa kununua.

Upande wa pili wa tundu hilohilo ni nguvu ya pikapu. Pikapu za hambaka zenye nguvu zinaweza kulielemea tundu hata geini, yaani kiwango cha kukuza sauti inayoingia, ikiwa imeshushwa hadi mwisho, na sauti ikapasuka. Toleo la kwanza la intafesi za Focusrite Scarlett, lililotoka miaka ya 2011 na 2012, lilijulikana kwa udhaifu huo, na matoleo yaliyofuata yakarekebishwa. Ukikutana na hali hiyo, punguza sauti kwenye kitasa cha gitaa kidogo, au shusha pikapu kwa bisibisi iwe mbali kidogo na nyuzi.

Sauti inayochelewa

Ukipiga uzi, sauti huingia kwenye intafesi, hupita kwenye USB, hushughulikiwa na kompyuta, ndipo irudi masikioni. Safari hiyo inachukua muda, na muda ukizidi, vidole vinatangulia na masikio yanafuata. Hapo hakuna anayeweza kushika mdundo. Tunapima kwa milisekunde. Sauti hewani husafiri takriban sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo kuchelewa kwa milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu hivi kutoka kwenye ampu, jambo ambalo wapiga gitaa wa jukwaani hulifanya kila wikiendi bila kulalamika. Ikifika 20 na kupanda, utaanza kuhangaika, na sebene ya kasi ndiyo itakayokuumbua kwanza.

Kinachoamua ni bafa na draiva, yaani programu inayoiunganisha kompyuta na intafesi. Bafa ni idadi ya sampuli ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzifanyia kazi, nawe unaichagua mwenyewe ndani ya programu. Bafa ya sampuli 128 kwa kiwango cha 48 kHz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, ni kama milisekunde 2.7, ya 512 inakaribia 11. Huo ni upande mmoja. Kuna kuingia, kuna kutoka, na kuna muda unaotumiwa na intafesi yenyewe. Ukiiweka bafa ndogo kupita uwezo wa kompyuta, sauti inaanza kukatika na kutoa vibonyezo vya tik-tik. Kompyuta ya zamani yenye draiva nzuri itakubeba kwenye 128 au 256 bila shida. Kompyuta mpya yenye draiva mbovu itakusumbua palepale.

Kwenye Windows, programu za kurekodi hutegemea draiva za mtindo wa ASIO, uliobuniwa na kampuni ya Steinberg ya Ujerumani. Swali la kumuuliza muuzaji, au bora zaidi la kujijibu kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutoa pesa, ni hili: je, kampuni imetengeneza draiva yake ya ASIO kwa kifaa hiki, na inakubali toleo la Windows nililo nalo? Intafesi za bei ya chini kabisa hazina draiva zake zenyewe, na watu huambiwa watumie ASIO4ALL, programu ya bure inayoziba pengo hilo. Hufanya kazi, ila ina vituko vyake: mara nyingine huikamata intafesi peke yake, ukitaka kusikiliza wimbo kwenye kivinjari huku programu ya kurekodi ikiwa wazi, kimya. Wenye Mac hawana mzigo huu, mfumo wao unazitambua intafesi nyingi moja kwa moja.

Intafesi karibu zote za leo zina pia njia ya kukwepa safari hiyo: sauti ya gitaa inaelekezwa kwenye hedifoni kabla haijaenda kwenye kompyuta. Tafuta kitufe au kitasa kilichoandikwa DIRECT au MONITOR. Hapa ndipo unapopaswa kujijua wewe ni mpiga gani. Ukipiga gitaa safi la rumba, benga au taarabu, njia hiyo inakutosha. Unarekodi unavyosikia, na mwangwi utauongeza baadaye. Lakini ukitaka kusikia sauti ya ampu iliyoigwa na programu wakati unapiga, kukwaruza kukiwemo, kitufe hicho hakikufai kitu, kwa sababu kinakupa sauti tupu ya gitaa isiyoongezwa chochote. Mtu wa namna hiyo awekeze kwenye draiva kuliko kitu kingine chochote.

Namba za kwenye boksi

192 kHz! Ndiyo herufi kubwa kuliko zote. Isahau. CD za muziki hutumia 44.1 kHz, video hutumia 48, na gitaa la umeme halina chochote cha maana kinachohitaji zaidi ya hapo. Dakika moja ya gitaa kwa biti 24 na 48 kHz hula takriban megabaiti 8.6, ukipandisha hadi 192 inakuwa karibu 35, na masikio hayajapata chochote cha ziada.

Biti, yaani usahihi wa kila sampuli, zina maana zaidi kidogo. Biti 16 zinatosha kusikilizia, lakini wakati wa kurekodi biti 24 zinakupa nafasi ya kuiacha sauti chini bila kuogopa uvumi. Unaweka geini ili mpigo wako mkali zaidi ufike kama -12 au -10 kwenye kipimo cha programu, halafu unapiga kwa raha, hata ukichangamka katikati ya wimbo sauti haipasuki. Wanaorekodi kwa biti 16 hujikuta wakiisukuma geini karibu na ukingo, na noti bora ya siku ndiyo hupasuka.

Matundu mawili yanatosha

Kuna kishawishi cha kununua intafesi ya matundu manne au manane kwa sababu bendi ina gitaa la solo, la rithimu, la mi-solo (lililo katikati ya hayo mawili) na la besi. Hutazipiga zote kwa wakati mmoja ukiwa chumbani peke yako. Unarekodi rithimu kwanza, unaisikiliza na kupiga besi juu yake, kisha mi-solo, kisha solo. Kila moja kwenye mstari wake. Kwa kazi hiyo tundu moja linatosha, na la pili ni kwa ajili ya siku unapotaka kuimba huku unapiga. Na mtu mmoja anaweza kufika mbali: mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa wa Kongo Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo, na wimbo wa “Masanga” uliotokana na kazi hiyo unaendelea kuchambuliwa na wapiga gitaa hadi sasa. Ni kazi ya mtu na gitaa lake kavu.

Kwa gitaa kavu, lile wengine waitalo galatoni, tundu la pili linafaa zaidi. Kama lina pikapu ndani yake, sauti ya pikapu peke yake huwa na ukali wa plastiki. Maiki ya kondensa iliyowekwa sentimita 20 hadi 30 kutoka pale shingo inapokutana na mwili, ikitazama karibu na freti ya 12 badala ya kutazama lile tundu la duara kwenye mwili wa gitaa, itakupa mbao na nyuzi kwa pamoja. Maiki ya kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye intafesi, kwa hiyo hakikisha kitufe cha 48V kipo. Kizime kabla ya kuchomeka au kuchomoa maiki.

Zipi hasa

Chini kabisa iko Behringer UM2. Ina tundu moja la maiki na moja la gitaa, mwili wa plastiki, biti 16 na 48 kHz, na kwenye Windows utahitaji ASIO4ALL. Bei yake kwa kawaida haifiki nusu ya ile ya Focusrite Scarlett Solo mpya. Kwa mwanafunzi anayetaka kujisikiliza na kurekodi mawazo yake, inafaa. Kwa kazi utakayotaka kuwasikilizisha watu, ningesubiri mwezi mmoja zaidi. M-Audio M-Track Solo iko kundi hilohilo la plastiki na biti 16.

Hatua moja juu ndipo penye thamani. Behringer UMC202HD ina mwili wa chuma, biti 24, draiva yake ya ASIO, na matundu mawili ya mbele yanayopokea maiki au jeki, kila moja likiwa na kitufe chake cha gitaa na cha kupunguza nguvu. Vitasa vyake si vya kifahari, na kifaa huchukua umeme wote kwenye USB. Sijaona kifaa kipya cha bei hiyo kinachompa mpiga gitaa mengi zaidi.

Focusrite Scarlett ndiyo iliyozoeleka zaidi, ile nyekundu. Toleo la nne lilitoka mwaka 2023. Marekani modeli ya Solo ilianza kuuzwa kwa takriban dola 140 na ile ya 2i2 kwa 200, kabla ya nauli na ushuru wa kuifikisha kwetu. Toleo hilo la 2i2 lina kazi ya kujipangia geini lenyewe: unabonyeza, unapiga sekunde kadhaa, linachagua. Solo haina kazi hiyo. Audient EVO 4, iliyotoka 2020, ina kitu kinachofanana na hicho. Audient iD4 ina tundu la gitaa ambalo wapiga besi na gitaa wanalisifu, nami nakubaliana nao, ila upatikanaji wake huku kwetu ni wa shida. MOTU M2 ina skrini ndogo inayoonyesha kiwango cha sauti kwa usahihi. Ni nzuri, lakini bei yake inaanza kutoka nje ya mada yetu.

Kama huna kompyuta, simu inaweza kubeba. Android kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2014 inazitambua intafesi nyingi kupitia adapta ya OTG, na iPhone 15 na zilizofuata zina tundu la USB-C. Tatizo ni umeme: simu nyingi hazina nguvu ya kuiwasha intafesi, hivyo utahitaji habu ya USB yenye chaja yake. Vile viwaya vya bei chee vinavyopitisha gitaa kwenye tundu la hedifoni la simu viache. Sauti ya kutoka huvujia kwenye sauti ya kuingia.

Ukinunua iliyotumika

Intafesi haichakai upesi, kwa hiyo ya mkono wa pili ni biashara nzuri, ilimradi uijaribu. Nenda na gitaa lako, waya wako, hedifoni zako na kompyuta uliyokwisha kuiwekea draiva nyumbani. Chomeka, bonyeza kitufe cha gitaa, na uzungushe kila kitasa taratibu ukiwa umevaa hedifoni: kikikwaruza, ndani kuna vumbi au kutu, na kwa vifaa vilivyokaa pwani kutu ni jambo la kawaida. Utikise waya wa USB pale unapoingia kwenye kifaa. Ikizima na kuwaka, ondoka, kwa sababu tundu la USB lililolegea ndio ugonjwa unaoua vifaa hivi zaidi na fundi wa mtaani si kila mara atakuwa na kipuri. Kisha rekodi dakika mbili mfululizo na uzisikilize papo hapo, si baadaye njiani. Jaribu matundu yote, hata usilokusudia kulitumia, na uone kama taa ya 48V inawaka.

Programu za bure zilizokuja na kifaa hicho kikiwa kipya mara nyingi zimekwisha kusajiliwa kwa mmiliki wa kwanza. Usikubali zikuongezee bei.

Uvumi wa nyumbani

Umeme wetu ni wa 50 Hz, na pikapu za koili moja zinaudaka kama redio. Ukisikia mmmm ya chini isiyoisha, geuka taratibu kwenye kiti: ikipungua ukielekea upande fulani, ni pikapu inayodaka mawimbi ya taa au skrini, na dawa yake ni kukaa upande huo. Isipobadilika, chomoa chaja ya laptopu. Nyumba nyingi zina soketi zisizo na waya wa ethi uliofungwa sawasawa, na chaja za pini mbili huongeza tatizo. Ikinyamaza ulipochomoa, rekodi kwa betri. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda intafesi inayotumia USB pekee: umeme ukikatika katikati ya wimbo, unaendelea.

Pesa isiishie kwenye kisanduku. Weka kando ya waya imara wa gitaa na ya hedifoni zinazofunika masikio, zisizovuja. Programu si gharama ya kukukosesha usingizi: GarageBand ni bure kwa wenye vifaa vya Apple, Reaper hujaribiwa siku 60 na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60, na Neural Amp Modeler inaiga ampu kwa kiwango cha kushangaza bila malipo.

Ukinishika mkono leo dukani na mfuko mdogo, nitakuelekeza kwenye UMC202HD mpya. Ukipata Scarlett 2i2 ya toleo la tatu iliyotumika kwa bei hiyohiyo, na ikapita majaribio niliyoyataja, chukua Scarlett. Chenji inayobaki nunua seti ya nyuzi mpya, uzifunge siku moja kabla ya kurekodi ili zitulie.